Jenerali Shields na Makaratasi Yake

Huku Minnesota, Wakenya wakikutana, iwe ni kwenye matanga au sherehe ya mtoto kumaliza shule, chakula kikishaliwa mazungumzo huishia kwenye makaratasi. Nani kaapishwa, nani bado anasubiri barua, nani kapigwa kalenda tena. Na hakosi mzee mmoja wa kumgeukia kijana aliyejikunyata pembeni na simu yake, amwambie: wewe si uende jeshi tu, mambo yako yanyooke? Mtoto wa kaka yangu ameambiwa hivyo mara nyingi. Siku tunarudi nyumbani akaniuliza, "Shangazi, hivi ni kweli? Ukishavaa magwanda wanakuhesabu kuwa mtu wao?"

Nikamjibu kwa habari za mtu ambaye jina lake tunalipita kila tukiendesha gari kusini mwa jimbo hili. Kuna kijiji kinaitwa Shieldsville, magharibi ya mji wa Faribault. Siku hizi Faribault kuna Wasomali wengi, baadhi yao wakifanya kazi kwenye kiwanda cha bata mzinga, lakini majina ya vijiji vya jirani ni ya Ireland matupu: Erin, Kilkenny. Na Shieldsville, penye kanisa Katoliki la Mtakatifu Patrick, pameitwa kwa jina la Jenerali James Shields, mtu pekee katika historia ya Marekani aliyewahi kuwa seneta wa majimbo matatu tofauti. Hajawahi kutokea mwingine kabla yake wala baada yake. Na alikuwa mgeni, mja na maji.

Alizaliwa mwaka 1806 huko Altmore, wilaya ya Tyrone, kaskazini mwa Ireland, katika familia ya Kikatoliki chini ya utawala wa Waingereza, wakati ambapo Mkatoliki hakuruhusiwa kukaa katika bunge la London. Akavuka bahari akiwa kijana miaka ya 1820, akapita huku na huku, mwisho akatua Kaskaskia, mji wa kale wa Wafaransa kando ya mto Mississippi katika jimbo la Illinois. Hapo akafundisha shule huku akisomea uwakili. Mwaka 1836 akachaguliwa kuwa mbunge wa bunge la jimbo. Ndani ya bunge hilohilo, pale Vandalia, makao makuu ya jimbo wakati ule, walikaa vijana wengine wawili mawakili: Abraham Lincoln na Stephen Douglas.

Jambo la kushangaza ni kwamba Shields alipochaguliwa mwaka huo alikuwa bado hajaapishwa uraia. Illinois ya wakati ule haikujali sana. Katiba yake ya mwaka 1818 ilimruhusu kupiga kura kila mwanamume mzungu aliyetimiza miaka 21 na kukaa jimboni miezi sita, awe raia au asiwe. Mwaka huohuo wa 1836 walianza kuchimba mfereji wa kuunganisha ziwa Michigan na mto Illinois, na wachimbaji wengi walikuwa Wairishi. Walishika sepetu mchana, na siku ya uchaguzi wakakipigia kura chama cha Democratic. Chama cha Whig, alichokuwamo Lincoln, kikachachamaa, kikaenda mahakamani kutaka wageni wasipige kura. Wademokrati nao wakajibu kwa kuongeza majaji watano katika Mahakama ya Juu ya jimbo. Mtu anayedhani siasa za kura za wahamiaji zilianza juzi ana mengi ya kusoma.

Shields akala kiapo tarehe 21 Oktoba 1840, katika mahakama ya wilaya ya Effingham. Iweke akilini tarehe hiyo, maana ilikuja kumsumbua. Na tuseme wazi ni nani aliyeweza kuapa. Sheria ya uraia ilimtaja "mtu mzungu aliye huru", basi. Mwaka huohuo wa 1840 meli ya Seyyid Said wa Unguja, Sultana, ilitia nanga New York ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, na watu wa mji wakamiminika bandarini kuitazama. Kama baharia mweusi wa meli ile angeamua kubaki, angeweza kukaa Marekani karibu miaka thelathini asipewe karatasi ile aliyopewa Shields asubuhi moja. Mlango huo haukufunguliwa kwa watu wa asili ya Afrika hadi sheria ya mwaka 1870. Kwa hiyo ninapomsifu Shields, na nitamsifu, namsifu nikijua kwamba alikuwa na ngozi iliyotakiwa.

Cheo kilichofuata kilikuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo, na hapo ndipo alipokaribia kuuana na Lincoln. Benki ya jimbo ilikuwa imefilisika, noti zake zikawa karibu na karatasi ya kufungia karanga. Mwaka 1842 Shields na wenzake serikalini wakatoa agizo kwamba kodi isilipwe kwa noti hizo, ilipwe kwa fedha ya madini. Hebu fikiria hasira ya mkulima ambaye noti za benki hiyohiyo ndizo pekee alizokuwa nazo. Lincoln akaandika barua gazetini kwa jina la kubuni la Rebecca, mwanamke wa shamba, akimkejeli Shields kwamba ni mwongo na pia bwana mtanashati anayejiona kila msichana wa Springfield anamfia. Kisha Mary Todd na rafiki yake Julia Jayne wakatia chumvi kwa maandishi yao wenyewe. Shields hakuwa mtu wa kuvumilia utani. Akadai jina la mwandishi, akapewa la Lincoln, akataka wapigane.

Lincoln, kwa kuwa ndiye aliyeitwa, alikuwa na haki ya kuchagua silaha. Akachagua panga kubwa za askari wa farasi, tena wasimame pande mbili za ubao ambao hakuna anayeruhusiwa kuuvuka. Alikuwa na urefu wa karibu sentimeta 193, na mikono mirefu kama ya tumbili. Shields alikuwa mfupi kuliko yeye kwa mbali. Tarehe 22 Septemba 1842 wakavuka mto hadi upande wa Missouri, ng'ambo ya mji wa Alton, kwa sababu mapigano ya namna hiyo yalikatazwa Illinois. Inasimuliwa kwamba Lincoln alinyoosha mkono akakata tawi la mti juu ya kichwa cha mwenzake, na ujumbe ukafika. Wapambe wakaingilia kati, wakapatanishwa. Wiki sita baadaye Lincoln akamwoa Mary Todd, na maisha yake yote hakupenda kukumbushwa kisa kile.

Mimi kisa hiki kinanifundisha tabia ya Shields kuliko ya Lincoln. Mgeni aliyefika mbali huwa na ngozi nyembamba. Kila kicheko anakisikia kama kinamwambia rudi kwenu.

Basi akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Illinois, na mwaka 1845 Rais James Polk akamwita Washington kuwa mkuu wa ofisi ya ardhi ya taifa, ofisi iliyopima na kuuza ardhi ya magharibi. Hapo ndipo vita vya Mexico vilipomkuta, mwaka 1846. Polk alikuwa na tatizo lake: majenerali wake wawili wakubwa, Zachary Taylor na Winfield Scott, walikuwa watu wa chama cha Whig, na jenerali akishinda vita Marekani huanza kuota urais. Akaamua kugawa vyeo vya ujenerali wa wanajeshi wa kujitolea kwa watu wa chama chake mwenyewe. Shields, wakili na jaji, akapewa ubrigedia jenerali. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba huyu alikuwa askari aliyeingia siasa. Ujenerali wenyewe ulikuwa zawadi ya siasa. Kilichokuwa chake mwenyewe ni namna alivyoutumikia.

Alikwenda mbele, na kwenda mbele kukamgharimu. Tarehe 18 Aprili 1847, pale Cerro Gordo, kwenye barabara ya kutoka Veracruz kwenda mji mkuu wa Mexico, risasi ya mzinga ilimpiga kifuani ikapenya pafu ikatokea mgongoni. Magazeti ya Marekani yakatangaza kuwa amekufa. Hakufa. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea, daktari wa jeshi la Mexico aliyekuwa mateka ndiye aliyemwokoa: alichukua leso ya hariri, akaipitisha kwenye tundu kutoka upande mmoja hadi wa pili, akasafisha damu iliyoganda. Nimefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa miaka mingi, nikiisoma habari hii bado mwili unanisisimka. Hakukuwa na dawa ya kuzuia usaha wakati ule.

Shields alipoanguka, aliyeshika kikosi chake ni Kanali Edward Baker, rafiki mkubwa wa Lincoln, na huyu naye mgeni, mzaliwa wa London. Baker baadaye akawa seneta wa Oregon, akauawa vitani mwaka 1861 pale Ball's Bluff, seneta pekee wa Marekani aliyekufa mapiganoni akiwa bado na kiti chake. Wageni wawili, kikosi kimoja, wote wakaishia Seneti. Na siku ileile ya Cerro Gordo askari wao wa Illinois waliteka gari la Jenerali Santa Anna, mkuu wa jeshi la Mexico, wakaondoka na mguu wake wa bandia. Mexico imeuomba urudishwe, Illinois imeukalia mpaka leo katika jumba la makumbusho la jeshi mjini Springfield. Sijui aibu iko upande gani hapo.

Miezi minne baadaye Shields alikuwa tena juu ya farasi. Tarehe 20 Agosti, pale Churubusco, aliongoza kikosi cha New York na kile cha South Carolina. Upande wa pili, ndani ya kuta za nyumba ya watawa, mizinga ilikuwa ikipigwa na Wairishi wenzake. Hao walikuwa kikosi cha San Patricio, Mtakatifu Patrick, wakiongozwa na John Riley, mtu wa Galway. Wengi wao walikuwa wametoroka jeshi la Marekani, ambako maofisa waliwadharau kwa uhamiaji wao na kwa dini yao, wakahamia upande wa Mexico, nchi ya Wakatoliki iliyowaahidi ardhi. Walipotekwa, wapatao hamsini walinyongwa. Riley, kwa kuwa alitoroka kabla vita havijatangazwa, aliponea kitanzi. Alichapwa viboko na kuchomwa alama ya herufi D shavuni, D ya "deserter", yaani mtoro. Tarehe 13 Septemba 1847 thelathini wao walisimamishwa juu ya mikokoteni, kamba shingoni, wakatazamishwa ngome ya Chapultepec mpaka bendera ya Marekani ilipopandishwa, ndipo mikokoteni ikaondolewa. Katika vita vya kuipandisha bendera hiyo Shields alivunjwa mkono kwa risasi.

Mtoto wa kaka yangu alinisimamisha hapo. Alitaka kujua kama Shields aliwahi kusema lolote kuhusu wale walionyongwa. Nikamwambia aangalie hao watu wawili tu, Riley na Shields, Wakatoliki wote, wana wa kisiwa kimoja, jua moja. Mmoja alikwenda jeshini akiwa na cheo kutoka kwa rais, mwingine alikwenda akiwa hana kitu. Ukiuliza kama jeshi humfanya mgeni kuwa mtu wao, kwanza uliza aliingia kwa mlango upi.

Shujaa akarudi nyumbani mwaka 1848. Polk akamteua gavana wa Oregon, akaukataa. Kule mbali, naye macho yake yalikuwa Washington. South Carolina ikampa upanga wa vito, Illinois nayo upanga wake. Maseneta wakati huo walichaguliwa na wabunge wa jimbo, si na wananchi, na kiti cha Illinois kilikuwa cha Sidney Breese, Mdemokrati mwenzake, mwanasheria hodari. Mwanzoni mwa 1849 Shields akamwangusha. Utani wa wakati ule ulisema risasi ile ya Mexico ilikuwa ya ajabu: ilimpenya Shields bila kumdhuru, ikaenda kumuua Breese maili elfu moja mbali.

Lakini Breese alikuwa na karatasi. Katiba inasema seneta awe amekuwa raia kwa miaka tisa. Hesabu kutoka 21 Oktoba 1840: miaka tisa inatimia Oktoba 1849, na muhula ulianza Machi. Miezi saba imepungua. Shields akahisi kinachokuja akafanya kituko: akamwandikia Breese barua kwamba kama angeshindwa naye kwa hoja hiyo ya uraia, alikuwa ameapa moyoni kwamba Breese asingeufaidi ushindi wake, liwalo na liwe. Barua ikachapishwa. Taifa zima likasoma kwamba seneta mteule ametishia kumuua mtangulizi wake.

Seneti ikajadili. Shields, akiona hali imekuwa mbaya, akatoa barua ya kujiuzulu, lakini wenzake hawakutaka njia hiyo rahisi. Tarehe 15 Machi 1849 wakaamua kwamba uchaguzi wake ulikuwa batili tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, kiti hakikuwa wazi kwa kuwa yeye aliondoka, bali hakuwahi kukikalia. Tundu kifuani, mkono uliovunjika, panga mbili za vito, na bado karani anahesabu miezi kwa vidole. Sisi tuliokaa kwenye viti vya plastiki vya ofisi ya uhamiaji tunaijua hesabu hiyo.

Hata hivyo siwezi kusema alionewa. Katiba ilisema tisa, naye alikuwa nane na kidogo. Na chama chake hakikumtupa: gavana Augustus French akaitisha kikao maalumu cha bunge, na tarehe 27 Oktoba 1849, siku sita baada ya miaka tisa kutimia, wakamchagua upya. Desemba akala kiapo, akakaa hadi 1855.

Kilichomwangusha safari hiyo si makaratasi. Mwaka 1854 alifuata mkumbo wa Stephen Douglas, yule mwenzake wa Vandalia, akapigia kura sheria ya Kansas na Nebraska, iliyofungua mlango wa utumwa kuingia katika nchi za magharibi. Ni doa lake kubwa, na sioni sababu ya kulifunika. Illinois ikachafuka. Wakati huohuo kilikuwa kimezuka chama cha kuwachukia wageni na Wakatoliki, wale walioitwa Know-Nothing, na Shields alikuwa vyote viwili. Februari 1855 bunge la jimbo lilipopiga kura ya useneta, Lincoln aliongoza, Shields akamfuata kwa karibu, na mtu mmoja Lyman Trumbull akapata kura 5 tu. Kura zikarudiwa na kurudiwa, Wademokrati wakamwacha Shields wakamshika mgombea mwingine, na mwishowe Lincoln akawaambia watu wake wampe Trumbull. Mke wa Trumbull alikuwa nani? Julia Jayne, yule msichana wa barua za Rebecca.

Shields akafunga virago akaja huku. Alikuja na Wairishi wake, watu waliokimbia njaa kuu iliyoua kwao takriban watu milioni moja, akawakalisha kwenye mashamba ya wilaya ya Rice. Ardhi ile ilikuwa ya Wadakota, walioitoa kwa mikataba ya mwaka 1851 ya Traverse des Sioux na Mendota, mikataba ambayo malipo yake hayakuwafikia inavyostahili. Watu waliofukuzwa na makabaila wa Kiingereza wakapata pa kulima pale walipohamishwa watu wengine. Shields alielewa vizuri kuliko wengi biashara hiyo. Ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ya ardhi.

Na alielewa jambo jingine, ambalo kwangu ndilo siri yake yote. Palipo pageni kwa kila mtu, mgeni si mgeni. Minnesota ilipokuwa jimbo mwaka 1858 hapakuwa na wakongwe wa kumwuliza umetoka wapi. Wakamchagua seneta pamoja na Henry Rice, wakapiga kura ya bahati nani apate muhula mrefu, Shields akaangukia mfupi. Mei 1858 hadi Machi 1859, basi. Republican wakachukua bunge la jimbo, naye akaenda California, akaoa, akawa anasimamia mgodi Mazatlán, katika Mexico ileile.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, aliyempa tena ubrigedia jenerali ni rais, na rais alikuwa mtu wa panga za Alton. Lincoln hakuweka kinyongo, au alihitaji Wairishi, au yote mawili. Machi 1862 Shields alikuwa bonde la Shenandoah akikabiliana na Stonewall Jackson, jenerali wa waasi wa kusini. Siku moja kabla ya mapigano ya Kernstown bomu likamvunja mkono, vita vyenyewe vikaongozwa na Kanali Nathan Kimball, Jackson akashindwa, na sifa akapewa Shields. Juni, pale Port Republic, Jackson akalipiza. Pendekezo la kumpandisha cheo halikupita, na Machi 1863 akajiuzulu jeshini.

Katikati ya hapo, tarehe 17 Julai 1862, Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba mgeni aliyetumikia jeshi na kuachiwa kwa heshima aweze kuomba uraia baada ya kukaa mwaka mmoja tu. Ushauri wa wazee wetu kwenye matanga una mizizi mirefu kuliko wanavyodhani.

Uzee ulimkuta Carrollton, Missouri, mkulima mwenye majeraha ya vita viwili, akizunguka miji kutoa mihadhara ili apate senti za matumizi. Mwaka 1878 nafasi ya mlinzi wa mlango wa Baraza la Wawakilishi ilikuwa wazi, na Benjamin Butler, mwanasiasa mjanja wa Massachusetts, akasimama kupendekeza apewe Shields, askari aliyeumia akiutetea Muungano. Alitaka kuwaumbua Wademokrati, waliokuwa wengi barazani. Nao wakaumbuka: wakamnyima Mdemokrati mwenzao, wakampa Charles Field, aliyekuwa jenerali wa upande wa waasi. Mtu aliyewahi kuwa seneta mara mbili alibishaniwa kama anafaa kufungulia wengine mlango.

Missouri iliona aibu kwa niaba ya wote. Januari 1879 ikampeleka Seneti kumalizia kipindi cha seneta aliyefariki, wiki tano hivi, ili mzee afe na cheo. Mwezi Juni akafa kweli, huko Ottumwa, Iowa, akiwa kwenye safari ya mihadhara.

Kila jimbo la Marekani lina haki ya kuweka sanamu mbili katika ukumbi wa sanamu wa Bunge la Washington. Illinois ilipotuma ya kwanza, mwaka 1893, wengi wangebashiri Lincoln, ingawa huyo tayari alikuwa na sanamu yake katika jengo hilohilo. Ilituma ya Shields, kijana wa Tyrone, na mchongaji alikuwa Leonard Volk, mtu yuleyule aliyewahi kuchukua umbo la uso wa Lincoln akiwa hai.